Alikokwenda Faruk

Tusekile alikuwa amejiapiza kwamba siku hiyo hataifungua ile ramani. Alijiapiza akiwa anapiga mswaki, akajiapiza tena akifunga mlango wa chumba chake cha kupanga hapo Matai. Alipofika ofisini, kabla hata hajavuta kiti, alikuwa ameshaifungua.

Faruk alikuwa Sumbawanga. Uso wake mdogo ndani ya kiduara ulikuwa umetulia karibu na soko, pale yalipo maghala ya baba yake, mzee Halfani.

"Umeanza," Bertila alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. Walikuwa wawili tu katika chumba hicho cha idara ya maji, na Bertila aliyajua yote.

"Naangalia barabara."

"Barabara ina sharubu?"

Tusekile aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Moyoni alikuwa na hasira, ila hakujua amkasirikie nani. Miezi mitatu nyuma, kabla mambo hayajaharibika, ni Faruk mwenyewe aliyeshika simu zao mbili akabonyeza hapa na pale. "Sasa popote nilipo na malori utaniona," alisema. "Usiwe unaniuliza kila saa nimefika wapi. Fungua ramani, unitazame." Kisha wakaachana. Hakumpigia tena, wala Faruk hakumpigia. Lakini ule uso haukuondoka kwenye ramani. Ama Faruk alisahau kuuzima, ama hakusahau. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima Tusekile usingizi.

Aliigeuza simu tena. Uso ulikuwa umesogea.

Ulikuwa umetoka mjini na sasa unashuka barabara ya Matai. Tusekile akaikuza ramani kwa vidole viwili. Barabara yote ilikuwa ya kijani, hakuna msongamano, hakuna chochote cha kumchelewesha.

"Bertila. Anakuja huku."

"Nani?"

"Unamjua!"

Bertila alisogeza kiti chake, wakaitazama simu vichwa vikiwa vimegusana. Uso ulikuwa unaruka kidogo kidogo, unatulia, unaruka tena.

"Anakufuata," Bertila alinong'ona. "Mimi nilikwambia, yule kaka hawezi kukaa bila wewe."

Tusekile alikwenda chooni akanawa uso. Alirudi, akajipaka mafuta ya midomo, akayafuta, akajipaka tena. Angemwambia nini? Angetoka nje amkute getini, au amwache aingie mpaka ndani watu wamwone? Aliketi, akasimama. Alifungua faili la kisima cha kijiji fulani akasoma mstari mmoja mara nne bila kujua umesema nini.

Uso ulifika Matai. Akakimbilia dirishani. Lori lenye kichwa cha bluu, limesheheni saruji na kufunikwa turubai, lilipita barabarani bila kupunguza mwendo, vumbi la pembeni likainuka, likatua. Hakuwahi kuona aliyekaa ndani.

Uso ukapita Matai. Ukaendelea.

"Anakwenda wapi sasa?" Bertila aliuliza.

Tusekile alibaki dirishani. Alijua. Siku ile ya mwisho, wakiwa wamesimama nyuma ya kanisa kama wezi, alikuwa amemwambia Faruk kwamba baba yake yeye, mzee Obedi, amekataa wao kuoana. Faruk akasema kwa sauti ya chini: "Kama mzee Obedi amenikataa, mimi Sumbawanga nakaa nafanya nini? Nitashuka Kasanga nivuke ziwa. Mjomba ana duka Kalemie, ng'ambo ya Kongo, kila mwaka ananiita."

"Anavuka," Tusekile alisema. "Anavuka ziwa, Bertila. Akishapanda meli simpati tena."

"Mpigie!"

Alipiga. Simu iliita mpaka ikakata. Alipiga tena. Iliita, ikakata.

Aliuliza ramani usafiri wa kufika Kasanga. Ilitafuta weee, kisha ikamjibu kwamba hakuna usafiri wa umma uliopatikana. Kwa gari dogo, saa moja hivi. Gari dogo alitolee wapi?

"Magari ya Kasanga yalishapita asubuhi," Bertila alisema. "Ila Shija wa bodaboda yupo pale kituoni. Nimwambie bosi nini?"

"Mwambie nina dharura."

"Ipi?"

Tusekile alikuwa ameshatoka.

* * *

Shija alikuwa Msukuma mrefu aliyekuja Kalambo na ng'ombe, wakaisha, akanunua pikipiki. Alimtazama Tusekile, akatazama viatu vyake vya ofisini, akampa koti lililoning'inia kwenye usukani.

"Vaa hili, dada. Baridi ya leo haina heshima."

Alilivaa. Waliondoka upepo ukiwapiga kutoka ubavuni, ule upepo wa Ufipa wa mwezi wa sita unaoingia mpaka kwenye meno. Mashamba ya mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua yamesimama makavu, na huku na huku wanawake walikuwa wanapepeta ulezi migongo ikiwa imeelekea upepo. Tusekile hakuona uzuri wowote. Alikuwa ameishika simu kifuani kama mtu aliyebeba yai.

"Unafuata mzigo?" Shija alipiga kelele.

"Mtu!"

"Ana deni lako?"

"Hapana!"

"Aa," Shija alisema, akaongeza mwendo. Hakuuliza tena.

Aliibadilisha ramani ioneshe miinuko. Kazini mistari ile ilikuwa lugha yake. Kwa mistari ile alijua maji yatashuka wapi na wapi bomba litapasuka. Huku juu mistari ilikuwa imeachana, uwanda umetandazwa kama mkeka. Mbele, kuelekea ziwani, ilianza kusogeleana, ikabanana, mpaka ikawa kama uzi uliosukwa. Hapo nchi inaanguka. Na uso wa Faruk ulikuwa umefika ukingoni mwa hiyo mistari.

Halafu ukasimama.

Tusekile alisubiri. Alihesabu mpaka akachoka kuhesabu. Uso haukutikisika. Barabara pale iliendelea kuwa ya kijani, safi kabisa, lakini hilo halikumpa moyo. Simu hizi zinajua msongamano kwa kuhesabu simu nyingine zilizoko njiani, na huku nani ana bando la kuchezea? Ramani haikuwa inasema njia ni nyeupe. Ilikuwa inasema haijui.

"Shija, kuna nini pale mteremkoni?"

"Kona. Kona na makorongo."

"Gari linaweza kuanguka?"

Shija alikawia kujibu, na kule kukawia kulimtosha Tusekile. Alipiga simu tena. Iliita, iliita, ikakata. Sasa hakuwa akimwona Faruk kwenye sitaha ya meli akimpa kisogo. Alimwona chini ya lori, kati ya mifuko ya saruji, simu ikiita pembeni yake. Akaanza kusali kwa sauti, Kiswahili na Kinyakyusa vikichanganyikana, wala hakujali kama Shija anasikia. Mungu wangu, nilidanganya. Nilidanganya, lakini usimchukue yeye.

Kwa sababu ukweli ni kwamba mzee Obedi hakuwahi kumkataa Faruk. Mzee Obedi hakuwahi kusikia jina la Faruk.

Kilichotokea ni hiki. Jioni moja nyumbani kwao Kasense, pale pale Sumbawanga mjini, wakiwa mezani, mama yake alileta habari za Rose, binti wa jirani, kwamba amefunga ndoa ya bomani na kijana Mwislamu wa Mpanda. Baba yake aliweka kijiko chini. Alikuwa mzee wa kanisa la Moravian, aliyeletwa Sumbawanga na kazi ya misitu kutoka Tukuyu akazeekea hapo. Alisema neno moja tu: "Mimi hilo siliwezi." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Tusekile, ambaye usiku ule ule alikuwa amepanga kumwambia, alimeza chakula na siri yake. Kesho yake akamwendea Faruk, akamwambia: "Baba amekataa."

* * *

Walizikuta gari zikiwa zimepanga foleni ukingoni, pale ambapo barabara inaanza kujipinda kuelekea chini na ziwa linaonekana kwa mbali kama bati jipya. Lori moja la mbele lilikuwa limevunjika ekseli katikati ya kona, na watu walikuwa wamelizunguka wakishauriana. Hakuna aliyeanguka. Hakuna aliyeumia.

Lori la bluu lilikuwa la tatu kutoka nyuma.

Tusekile aliruka kabla pikipiki haijasimama. Alipanda kwenye ngazi ya mlango, akagonga kioo kwa kiganja.

"Faruk! Faruk, fungua!"

Aliyefungua alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, macho mekundu ya usingizi. Tusekile alimfahamu kwa sura. Alikuwa Felisian, dereva wa mzee Halfani.

"Faruk yuko wapi?"

"Salamu kwanza, mama."

"Samahani, kaka. Faruk yuko wapi?"

"Hayupo."

"Yupo. Simu yake iko hapa. Nimeifuata tangu Matai."

Felisian alitazama dashibodi. Simu ya Faruk ilikuwa imelala pale, waya wa chaji umening'inia. "Simu ipo," alikubali. "Mwenyewe aliisahau. Alishuka asubuhi hata hatujaumaliza mji. Anaitafuta huko sasa hivi, maskini."

"Nimepiga mara tatu!"

"Nimeona." Felisian alijikuna shingo. "Jina lililokuja limeandikwa 'Usipokee'. Basi nami sikupokea."

Shija, aliyekuwa amefika nyuma yao, aligeuka kutazama ziwa.

Tusekile alibaki ameshika mlango. Miezi miwili alikuwa akiitazama ile ramani akiamini ni mlango ulioachwa wazi. Usipokee. Macho yalimjaa machozi, akayazuia.

"Alishukia wapi?" aliuliza hatimaye.

"Alisema ana mzee wa kumwona Kasense. Amevaa shati jipya, akaniuliza kama kola imekaa sawa." Felisian alimtazama vizuri, kama anayeanza kuelewa. "Kwani wewe ndiye wa Kasense?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Simu yake mwenyewe ililia mkononi. *Baba.*

Alishuka ngazi, akasogea pembeni kwenye majani makavu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uko wapi?" Sauti ya mzee Obedi ilikuwa tulivu mno.

"Niko… kazini. Niko huku barabara ya Kasanga."

"Sawa. Mimi niko nyumbani, nina mgeni. Kijana mmoja anaitwa Faruk, mtoto wa Halfani mwenye malori. Ana adabu nzuri. Amekuja kuniomba msamaha, na kuniomba nibadilishe uamuzi wangu." Mzee alitulia. "Nimemuuliza, uamuzi upi? Akasema, ule wa kumkataa. Sasa nimejitahidi kukumbuka, Tusekile. Nimemuuliza na mama yako. Hakuna anayekumbuka mimi nikimkataa kijana huyu. Wewe unakumbuka?"

Upepo ulivuma kutoka ziwani. Tusekile alifunga macho.

"Hukumkataa, baba."

"Alikataliwa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa mdomo wa nani?"

"Kwa mdomo wako, baba."

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu, mzee akiinuka.

"Njoo nyumbani," mzee Obedi alisema. "Leo. Nikiwa na la kukataa nitakataa mwenyewe, nikiwa na la kukubali nitakubali mwenyewe. Mimi si bubu."

"Baba, naomba niongee na Faruk."

Alisikia simu ikibadilisha mikono, nyayo, mlango. Halafu pumzi ambayo angeijua hata kwenye umati.

"Faruk?"

Hakujibu.

"Faruk, sema kitu. Nitukane."

"Njoo, Tuse," alisema kwa sauti iliyochoka. "Mama yako amenipikia. Nakula huku nimeinama, sijui nimtazame nani." Akakata.

* * *

Felisian alimkabidhi simu ya Faruk, Shija akamrudisha Matai, na hapo akapata gari dogo la mwalimu aliyekuwa akienda mjini. Jua lilikuwa limeelemea magharibi aliposhukia Kasense, vumbi limempaka mpaka kope, koti la Shija bado mwilini.

Baba yake alikuwa mlangoni. Alimtazama juu mpaka chini, wala hakumgombeza.

"Mwenyewe yuko nyuma ya nyumba," alisema. "Ongeeni kwanza. Mkimaliza mje ndani." Akaingia.

Faruk alikuwa amesimama karibu na uzio wa mabua, mikono mifukoni, shati jipya limekunjamana mgongoni. Alipogeuka Tusekile aliona jinsi alivyokonda. Alitaka kumkimbilia. Badala yake akatoa simu mfukoni mwa koti.

"Simu yako," alisema, akainyoosha.

Faruk aliipokea bila kumgusa. "Uliitoa wapi?"

"Ukingoni, karibu na Kasanga. Nilidhani unavuka ziwa."

"Ukanifuata?"

"Nikafuata simu." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Usipokee nimeiona."

Faruk aliinamisha uso. "Niliandika siku niliyokuwa na hasira. Ilikuwa ya kunizuia mimi nisikupigie. Kila nikilitafuta jina lako nalisoma hilo." Kisha hasira ikarudi. "Miezi miwili, Tuse! Miezi miwili nimemchukia mzee wa watu. Nikipita njiani nikiona mzee yeyote na Biblia yake kwapani, damu inanichemka. Leo nakuja nimejiandaa kutukanwa, ananiambia, 'Karibu, mwanangu, wewe ni mtoto wa nani?' Unajua nilivyojisikia?"

"Najua."

"Hujui! Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa kukataliwa, ukajikataa mwenyewe? Hiyo ni akili?"

"Si akili." Sasa machozi yalishuka, yakichora mistari kwenye vumbi la mashavu. "Kama ningemuuliza akasema hapana, ingekuwa imekwisha, Faruk. Moja kwa moja. Lakini nilipolisema mimi, nilikuwa najua ni uongo. Nililala kila siku najua kwamba baba bado hajasema hapana. Hicho ndicho kilichokuwa kimebaki. Ningekiachia, nisingekuwa na kitu."

Faruk alimtazama. Nyuma yake kuku walikuwa wakitafuta pa kulala kwenye mti wa peasi.

"Na leo ungenikuta huko ungesemaje?"

"Ningekwambia ukweli. Halafu ningekwambia nakupenda."

"Ukweli umeshasemwa."

"Basi nakupenda."

Alitoa leso mfukoni, akamfuta vumbi shavuni, polepole, upande mmoja kisha wa pili.

"Bado nina hasira," Faruk alisema.

"Kuwa nayo. Ila usiondoke."

* * *

Ndani, mama yake, Atupele, alikuwa amewasha jiko la mkaa katikati ya sebule. Tusekile aliketi kwenye mkeka karibu naye. Mzee Obedi alimgeukia binti yake.

"Tusekile, huyu ni nani?"

Alielewa. Alimeza mate. "Baba, huyu ni Faruk. Ninampenda, na ninataka anioe."

"Sasa nimesikia." Mzee aliitikia kwa kichwa. "Nisikilizeni vizuri. Lile neno nililosema kuhusu mtoto wa jirani, nililisema, na sijalifuta. Linaniuma. Wewe, Faruk, huyu amebatizwa."

"Najua, mzee. Sijaja kumwomba aache kanisa lake."

"Na watoto watasali wapi?"

Walitazamana.

"Hamjafika huko," mama Atupele alisema kwa upole.

"Watafika, watake wasitake," mzee Obedi alisema. "Na baba yako, Halfani? Yeye amesemaje?"

Faruk aligeuza uso. Akaanza kutazama jiko.

"Faruk," Tusekile aliita.

"Yeye… mzee ana mambo mengi siku hizi. Biashara…"

"Faruk, baba yako amesemaje?"

"Sijamwambia."

Tusekile alimkodolea macho mtu aliyekuwa akimfokea nyuma ya nyumba muda mfupi uliopita, na Faruk akainamisha kichwa kwa haya. Mama Atupele alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yakimtikisika.

Mzee Obedi alisimama. "Mama Tusekile, lete koti langu."

"Unakwenda wapi, baba?" Tusekile aliuliza.

"Kwa Halfani."

Faruk aliruka kutoka kitini. "Leo, mzee? Jamani, ngoja kwanza nimwandae. Baba ana hasira za karibu sana."

"Na mimi unadhani nina nini?" Mzee aliingiza mkono kwenye koti. "Sijakubali, wala simwendei kukubali. Lakini sitakaa hapa niwe na wasiwasi peke yangu wakati yeye anakunywa kahawa. Kama ni kukataa, tukatae wazazi wote, tena kwa midomo yetu. Na kama ni vingine, navyo tuvijue."

Alitoka nje. Mama Atupele alikuwa ameshajifunga kitenge cha pili, anatafuta viatu.

Faruk hakusogea. Alikuwa amemtazama Tusekile kwa macho ya mtu aliyeambiwa atumbukie kwenye maji baridi. Tusekile alimshika mkono. Akaubana.

"Unaogopa?" alimuuliza.

"Sana."

"Na mimi."

Sauti ya mzee Obedi iliwafikia kutoka uwanjani.

"Mnakuja, au nikifika nimwambie nimekwenda kujiposea mwenyewe?"